Andalio la Somo la Mfalme Henry

Nilipoitwa ofisini kwa Mzee Ngassa, mwenye shule, sikuwa na haja ya kujiuliza nani amenichongea. Ni Zakia. Jumanne, kipindi changu chote cha Historia, alikaa nyuma ya darasa na karatasi yake, anaandika tu. Nilipomuuliza, akasema ni ule utaratibu wa walimu kukaguana. Nikacheka, lakini moyoni nikamwekea alama.

Mnielewe, shule yetu hapa Ngokolo mwaka huu imekuwa ya kugeuka nyuma kabla ya kusema neno. Mzee Ngassa, aliyeijenga kwa dhahabu ya Geita, alikuwa Mkatoliki wa kukaa kiti cha mbele. Akamwacha mkewe, Bernadina, akataka kufunga ndoa na binti mmoja wa Kahama. Padri akakataa. Mzee akahama kanisa, akaanzisha la kwake humo humo kwenye bwalo la shule, na walimu tukatakiwa kusaini kwamba kila Jumatano tutasali huko. Nikasaini. Nina watoto wawili na sina mume, mlitaka nifanye nini? Zakia ni Mwislamu, akasamehewa, na hilo nalo lilinikera. Kasamehewa kwa sababu gani hasa?

Sasa somo langu, kama muhtasari unavyotaka, lilikuwa Ulaya ya karne ya kumi na sita. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza anataka kumwacha mkewe aoe mwingine, Papa anakataa, mfalme anajifanya mkuu wa kanisa nchini mwake, watu wanaapishwa, na baadhi ya wanaogoma wanakatwa vichwa. Kisha mwanafunzi mmoja akakohoa, na wote wakaangua kicheko. Ndipo nilipoelewa nimesema nini. Zakia hakucheka, aliendelea kuandika.

"Mwangaluka, mwalimu," Mzee alinisalimu Kisukuma, kwa upole ulionitisha kuliko makelele. Akataka kujua nani kanituma kuifundisha ndoa yake. Nikamweleza kwamba mada ni ya serikali, hata kule shule ya Kambarage wanaifundisha. Hakusikia. Huyu ametoka machimboni, ambako mfuko wa mawe ya dhahabu ukipotea wanaanza na aliyelala karibu nao. Kwake hakuna jambo linalotokea bila watu wawili kulipanga. Akauliza nilikuwa na nani.

Nilikuwa na hofu, na hasira pia, sitawadanganya.

"Mwalimu Zakia alikuwepo," nikasema. "Muulize yeye, ndiye aliyekuwa anaandika."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Akavuta droo, akatoa andalio langu la somo, lile ambalo kila mwalimu hulipeleka mwenyewe ofisini Jumatatu asubuhi ili lisainiwe. Wino mwekundu ulipita chini ya maneno yangu: mwanafunzi aeleze jinsi mfalme alivyobadili dini ili aoe tena. Nililipeleka kwa mkono wangu huu, siku moja kabla Zakia hajakanyaga darasani.

"Haya niliyajua tangu Jumatatu," akasema. "Nilichokuwa sikijui ni mwenzako."

Pale pale ningeweza kusema nimekosea, kwamba mwenzangu hana kosa. Nilimwogopa, nikaomba ruhusa ya kutoka.

Mchana nilimkuta Zakia anapanga vitabu vyake kwenye boksi. Barua ya kufukuzwa alishapewa. Akanipa ile karatasi ya Jumanne. Alikuwa amenipa alama zote, na chini kaandika kwamba mwalimu anayetaka kujifunza kufundisha aje akae darasani kwangu. Nilisoma mara mbili.

"Kuna mtu kanitaja, Mama Eliya," akaninong'oneza, akiangalia mlangoni. "Wewe jichunge. Usimwamini yeyote humu."

Nikamwambia asante dada, nikamsaidia kubeba boksi hadi kwenye bajaji.