Mayai Saba kwa Jirani

Mpima wa maabara alilitambua yai lile kabla hajalivunja. Kwenye ganda paliandikwa kwa penseli "Bi Kelele", kama mke wa mjomba wake alivyokuwa akiandika jina la kuku aliyetaga, enzi za uhai wake. Na Bi Kelele alichomwa moto miaka mitatu iliyopita, pamoja na wenzake mia moja na arobaini, kwa cheti cha ugonjwa alichokitia saini mpima mwenyewe.

"Mjomba, haya mayai umeyatoa wapi?"

Mzee akashusha kapu lenye kuku. "Marehemu alificha mayai saba kwa jirani, yakaatamiwa. Huyu ni mjukuu, karithi jina. Nipimie, mama. Wakiwa wagonjwa nitawachinja mwenyewe."

Akapima. Ute wa yai ukaingia kwenye kishimo cha kibao, dawa ikafuata, na baada ya saa moja ukageuka njano. Njano ya ugonjwa, ileile aliyoiona kabla ya moto.

Safari hii, hata hivyo, maabara ilikuwa na mashine ya kusoma vinasaba. Akamtoa kuku tone la damu ubawani, akamwambia mjomba arudi keshokutwa.

Majibu yakaja. Kirusi hai cha ugonjwa wa uvimbe, kile kilichoandikwa kwenye cheti, hakikuwamo. Kilichokuwamo ni kipande cha kirusi cha kale, kilichojipenyeza katika vinasaba vya kuku kabla binadamu hajajenga banda la kwanza, kikafia humo, kikarithishwa kuku hadi kifaranga kama rangi ya manyoya. Hakimuumizi mtu wala kuku. Ila bado hutoa protini yake kwenye ute, na kile kipimo cha rangi, mjinga wa kutupwa, hakijui kutofautisha maiti na mgonjwa.

Akafungua kabati, akatoa sampuli zilizogandishwa za wale waliochomwa. Akazisoma zote. Maiti yuleyule.

Angeweza kusema "kuku wako wazima" na kunyamaza. Nani angejua? Usiwe mwepesi kumlaumu. Wengi wetu tungenyamaza, tena tungelala usingizi wa pono. Yeye hakuwa amelala vizuri tangu ule moto. Bado aliwasikia wakitetea.

"Mjomba, hawa ni wazima," alimwambia mzee aliporudi na kapu lake. "Na wale wa kwanza pia walikuwa wazima. Nilikosea. Nisamehe."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe alikuwa kapuni, akidonoa ukili.

Mzee alikaa kitako kwenye benchi. "Marehemu alikataa katakata. Akaniambia, hawa hawaumwi, nawajua mmoja mmoja. Nikamgombeza mbele ya wachomaji. Nikamwambia, wewe unajua nini, mtoto wetu amesoma."

Akalivuta kapu karibu na miguu yake.

"Hakunisemesha tena, mwanangu. Mpaka tunamzika."