Uji Ambao Mwanne Hakuuonja

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Mwanne alimteremsha mjukuu wake Mwanasha kutoka Newala hadi hospitali ya misheni upande wa Masasi. Taya la kushoto la mtoto lilikuwa limevimba hadi likafunga jicho. Daktari Mzungu akasema ni saratani, ila kuna vidonge vipya vya njano kutoka Ulaya, tena vichache, atajaribu hivyo. Uvimbe usipopungua, mtoto atarudishwa nyumbani. Kurudishwa nyumbani maana yake nini, wodi nzima ilijua.

Mtoto akavimeza. Uvimbe ukakaa palepale kama kichuguu.

Asubuhi moja Mwanne alikoroga uji wa mtama, akaupoza, akampelekea Mwanasha kijiko mdomoni. Magdalena wa kitanda cha pili akacheka.

"We Mwanne! Siku hizi hutoi uchawi? Kwenu Newala mtu hulisha bila kuonja?"

"Niache, Magdalena. Meno yananiuma."

"Kwani uji una mifupa?"

Wodi ikaangua kicheko. Muuguzi Scholastika, aliyekuwa akitandika shuka, hakucheka. Kwao Lulindi pia, anayempa mwenzake chakula huonja kwanza, kuonyesha hakina uchawi. Akasogea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu onja."

Mwanne akashusha bakuli. "Nikionja nitampunguzia mtoto dawa."

Akafungua pindo la kanga. Vidonge vya njano! Mkwewe Bibiana, aliyekuwa mjamzito, alipewa kliniki vya kuongeza damu, akamletea.

"Rangi ileile, umbo lilelile. Vyenu vichache, basi mimi nikamwongezea hivi. Navisaga, natia kwenye uji."

Scholastika akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, hivi ni vitamini, na uvimbe nao unaihitaji ili ukue. Vyetu wataalamu wameviunda kwa kuigiza vitamini hiyohiyo, wakabadilisha kidogo tu. Uvimbe unapokea ukidhani ni chakula chake, kumbe unakabwa. Ukimpa vya Bibiana, unaulisha."

Mwanne akavitazama vile vidonge vya pindoni.

"Kama nguruwe pori. Nimewapandia muhogo mchungu mpakani mwa shamba uwadhuru, kisha mimi mwenyewe nawapelekea mtamu." Akakusanya vidonge vyote, akamtilia Scholastika kiganjani. "Daktari atatufukuza?"

"Twende wote tukamwambie."

Daktari alisikiliza, akainua chupa dirishani, akaitikisa. Vilibaki vidonge vya kujaribu mara moja tu zaidi.

Safari hii dawa iliuma. Mdomo wa Mwanasha ulitoka vidonda, akawa analia hata kwa maji. Magdalena hakutania tena. Alimpepea kwa ncha ya kanga. Kisha taya likaanza kulainika, likanywea, na asubuhi moja jicho likafumbuka.

Asubuhi hiyo Mwanne alionja uji kijiko cha kwanza, akaonja cha pili, akivuta kwa sauti wodi nzima isikie.

"Bibi," Mwanasha akasema, akimkodolea macho yote mawili, "utanimalizia."