Osiako Aliahidiwa Jumapili

Pasta Titus Shikanga tulimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba yake hapa Shinyalu, kando ya michai aliyoichuma mwenyewe hadi wiki aliyokufa. Alikuwa ameliongoza kanisa letu la Kibaptisti miaka thelathini na mmoja. Kesho yake, Jumapili, alikuwa amepanga kubatiza watu wanne katika Mto Isiukhu. Mimi ndiye karani wa kanisa. Majina hayo niliyaandika kwa mkono wangu, na la kwanza lilikuwa la Osiako.

Osiako ni mpasuaji mbao. Zamani alikuwa akikata miti kwa wizi msituni, na Pasta alipomwendea mara ya kwanza, alimfungulia mbwa. Pasta alirudi nyumbani suruali imeraruka. Mkewe, Mama Phoebe, akaishona, na juma lililofuata Pasta akaenda tena. Alienda hivyo kwa miaka kumi na tisa. Hakumhubiria sana. Alishika upande wa pili wa msumeno, wakapasua mbao, wakala obusuma, ugali wetu, akaondoka. Mwezi wa sita mwaka huu Osiako akamwambia, "Haya, nitaingia kwa maji."

Jumapili asubuhi tulikutana kanisani tukiwa tumechoka na matanga. Wazee wakapendekeza ubatizo uahirishwe mpaka tupate mchungaji mwingine, pengine mwakani. Osiako alikuwa kwenye benchi la mwisho, amevaa shati jeupe. Akasimama.

"Mimi siwezi kungoja mwakani," alisema. "Daktari ameniambia moyo wangu umepanuka. Na Pasta aliniambia ni Jumapili hii. Jumapili yenyewe ndiyo leo."

Kwetu, jambo kama hilo huamuliwa na washiriki wote. Kanisa likiridhia, shemasi anaweza kubatiza.

"Muhonja," Mama Phoebe akaniita, "uliza kanisa."

Nikauliza wanaokubali wainue mikono. Yeye, aliyemzika mumewe jana, aliinua mkono wake kwanza. Mingine ikafuata, mpaka sikuona haja ya kuhesabu. Kisha macho yote yakageukia upande mmoja, kwa sababu sote tulijua kwamba shemasi mwenye nguvu za kusimama mtoni alikuwa mmoja tu. Philip.

Philip na Osiako hawakuwa wamesalimiana tangu Osiako alipoukata mvule wa Philip uliokuwa mpakani. Pasta alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Hata mazishini walisimama pande mbili tofauti za kaburi.

"Tafuteni shemasi wa Khwisero," Philip alisema bila kuinua macho.

"Khwisero ni mbali," Mama Phoebe akamjibu. "Mume wangu alikuja kwako mara ngapi, Shemasi, akikuomba umsikize huyu mtu? Alikuwa akikuomba kwa upole. Mimi leo sikuombi. Nakwambia twende mtoni."

Philip akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, na mto ulikuwa na rangi ya udongo, unakwenda kwa kasi. Waliingia wawili hao mpaka maji yakawafika kiunoni. Philip akamshika Osiako nyuma ya shingo.

"Usinikalishe huko chini kwa sababu ya mti," Osiako akasema.

Watu wachache wakacheka ukingoni. Philip hakucheka.

"Ule mti baba yangu aliupanda mwaka niliozaliwa. Ulijua?"

"Nilijua," Osiako akasema. "Niliukata nikijua. Nisamehe."

Philip akatazama ukingoni, nami nilidhani angemwacha pale na kutoka.

"Ziba pua," akasema.

Akamtamkia maneno yote kama Pasta alivyokuwa akiyatamka, bila kuharakisha, akamzamisha. Alipokuwa akimwinua, jiwe likasogea chini ya mguu wake. Akateleza, na mkondo ukamchukua hatua mbili. Osiako, maji bado yanamtiririka machoni, akanyoosha mkono, akamnasa shati na kumvuta. Wakasimama wameshikana, wanahema, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwachilia mwenzake.

Sikuwa nimelia tangu Pasta afe. Pale ukingoni nililia, na Mama Phoebe akanishika bega, macho yake makavu, akiwatazama wanaume wale.

Philip alipangusa uso, akatugeukia. "Winrose," akamwita wa pili. "Njoo. Shuka polepole, hapa chini kuna jiwe linacheza."

Osiako alikuwa amemaliza. Tulimngojea na shuka kavu, lakini hakutoka. Alisogea upande maji yalikokuwa yakielekea, akaipanua miguu yake, akanyoosha mikono, endapo mwingine atateleza.