Kabati Hajui Kushusha

Kaka yangu ana kifua kama kabati na miguu kama ya korongo. Mtaani wanamwita Kabati, naye hudhani ni sifa. Ana ukumbi wa mazoezi nyuma ya kituo cha mafuta, wenye vioo kwenye kuta tatu. Kwenye ukuta wa nne ameandika kanuni zake kwa rangi nyekundu: KIOO HAKIDANGANYI. ASIYELIA HAJAJENGA. INUA, DONDOSHA, RUDIA. Hiyo ya mwisho ndiyo roho yake. Mteja akishainua chuma hukiachia kikaanguka sakafuni, puu! na wenzake humpigia makofi. Anayekishusha taratibu huchekwa kwamba anabeba mayai.

Nilikwenda huko kwa ajili ya mama.

Mama alipata kiharusi mwaka juzi, na tangu hapo miguu haimtii. Mimi ndiye ninayeishi naye. Asubuhi nafua mashuka ya hospitali kwa ujira, jioni namwogesha, namlisha, tunasali. Siku moja akaniponyoka bafuni, akaumia nyonga. Kabati, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kumpelekea mama hata maji ya kunywa, alifika siku hiyo hiyo na fomu ya nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa ameshaijaza. Ilibaki sahihi ya shangazi, mkubwa wa ukoo, aliyekuja naye.

"Mdogo wangu, huna nguvu," akaniambia. "Mapenzi hayainui mtu."

Mama akageukia ukuta. "Nikitolewa humu," alisema, "nitolewe nimefunikwa."

Shangazi akaikunja fomu na kuitia kwenye mkoba. "Natoa miezi mitatu. Binti huyu akimtoa wifi yangu kitandani na kumkalisha kitini mbele ya macho yangu, karatasi hii nitawashia jiko. Akishindwa, natia sahihi."

Kwa Kabati nilidumu siku mbili. Ya kwanza alinipa chuma kizito makusudi ili wateja wake wacheke. Ya pili nikamuuliza, "Kaka, na mama nitamdondosha?"

"Usituletee mambo ya jikoni hapa," akajibu, akiutazama mkono wake kwenye kioo kama mtu anayemwangalia mchumba.

Sikurudi tena. Nilishona gunia, nikalijaza mchanga wa kilo kumi na tano. Mama ana kilo hamsini na mbili. Kanuni zangu niliziandika kwa penseli nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni hazioni. Omba kabla ya kushika, usingoje kuanguka. Miguu kwanza, mgongo ni mtumishi tu. Usijitazame. Na ile niliyoipigia mstari: shusha polepole kuliko ulivyoinua. Gunia nililishusha kitini kwa urefu wa sala fupi ya jioni, na halikuruhusiwa kugusa kiti kabla ya "amina". Sala ikikatika kwa kuhema, basi wiki hiyo siongezi mchanga. Isipokatika, Jumamosi naongeza kopo moja la kilo tatu.

Wiki ya sita kiburi kiliniingia, nikaongeza makopo mawili. Mgongo ukakaza, nikalala chali siku tatu. Mama, kitandani kwake, alicheka mpaka akakohoa. "Naona na wewe umeanza kuwa kabati."

Nilimwomba Mungu aniondolee dharau niliyokuwa nayo kwa kaka yangu. Niliomba kwa dhati. Lakini nilipopita mbele ya ukumbi wake na kusikia puu! ilirudi yote, na riba juu.

Siku ikafika, gunia likiwa limekaribia uzito wa mama. Shangazi akaketi mlangoni na mkoba wake. Kabati akaja na fulana inayombana na mkewe aliyeshika simu tayari kurekodi.

"Kabla hajajiaibisha," akasema, "ngoja niwaonyeshe kazi ya mwanamume."

Akamnyanyua mama mikononi kama bwana harusi. Nakiri, alimwinua vizuri. Akasimama, akajigeuza upande wa simu, akatabasamu. Mkewe akapiga kofi moja juu ya paja.

"Haya baba, tumeona," shangazi akasema. "Sasa mkalishe."

Kabati akakitazama kiti. Kilikuwa chini, na ili kukifikia ilibidi akunje yale magoti ya korongo. Akayakunja kidogo, yakaanza kutetemeka. Akanyooka. Akajaribu tena. Jasho likamtoka puani. Miaka kumi na miwili ya kuinua, na hakuwahi hata siku moja kushusha kitu.

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ndogo, "mimi si chuma."

"Mikono inaachia!" Kabati akapiga kelele. "Dada! Njoo!"

Nilikuwa nimeshafika. Nikasimama kati yake na kiti, nikapanua miguu, nikampokea mama kifuani. Akanizungushia shingoni mkono wake mmoja mzima. Nikaanza sala, naye akaifuata sikioni mwangu, maneno yake yakiburuzika kama kawaida. Mapaja yaliniwaka moto. Sikuharakisha neno hata moja. Mama alipogusa kiti tukasema "amina" pamoja, na shangazi naye akaitikia.

"Kiti kifupi mno," Kabati alisema, akijifuta uso. "Kiti cha namna hiyo hakifai kabisa."

"Kiti kilikuwa hapo ulipoingia," shangazi akamjibu. Akatoa fomu mkobani, akanipa. "Jiko liko wapi?"

Mkewe Kabati bado alikuwa akirekodi. "Zima!" mumewe akamfokea.

Waliposogea kutoka, mama akamwita mwanawe. "Baba, njoo Jumamosi. Dada yako ana gunia. Atakuanzishia la kilo kumi na tano."

Hajaja bado. Gunia nimelipunguza mchanga na kuliweka pembeni mwa mlango, tayari. Namwombea kila jioni. Kisha naenda kulala nikicheka, na kwa hilo pia naomba msamaha.