Kumtibu Mukalay

Nilimchukia Mukalay, na morfini nilikuwa nayo mimi.

Mwaka ule Wakasai, watu wa kwetu, walipofukuzwa Katanga, yeye, jirani yetu wa mtaa wa Kapata, ndiye aliyeongoza vijana. Walipiga masufuria mlangoni kwa kaka yangu Ntumba wakituita bilulu, yaani wadudu. Mimi nilibaki kwa sababu mume wangu ni Mkatanga. Ntumba na familia yake walilala kwenye stesheni ya Kolwezi wakingoja treni, na hukohuko kuhara kukamuua binti yake, Tatiana. Mukalay akapanda juu ya nyumba yao kung'oa mabati, akaanguka, akavunjika paja. Nilifurahi, sifichi.

Hospitalini walimdunga morfini mpaka ikamtawala. Kampuni ya migodi iliyoendesha hospitali ilipoanguka na dawa zikaadimika, akawa anajidunga mwenyewe kwa sindano chafu, paja likaota jipu. Ndipo akaja kwangu, mimi muuguzi, huku anatetemeka.

"Mama Ndaya, mi nakufa. Unipatie sindano moja tu."

Daktari wetu alikuwa ameshatueleza: askari wa mwili wanapopigana na usaha, vurugu zao hufika hadi kwa walinzi wa ubongo. Hao morfini imeshawachokoza, basi huwaka zaidi, na kiu ya dawa huongezeka. Wanamfukuza mgeni huku wanabomoa nyumba yao wenyewe. Kama Mukalay tu! Ningemwachia jipu na kumpa sindano, angekuja kwangu kila asubuhi kupiga magoti hadi kufa. Lo, nililitaka hilo!

Lakini mtu aliyelewa morfini hajuti. Anasinzia.

Nikamlaza chumba cha nyuma, nikapasua jipu, nikampa antibiotiki. Morfini nikaipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha. Alinitukana, akalia, akanitapikia. Homa iliposhuka, kiu nayo ikaanza kulegea.

Asubuhi moja alimaliza sahani nzima ya bukari, ugali wetu, akanishukuru. Nikavuta kiti.

"Sasa tutaongea juu ya Tatiana."

Akageukia ukutani. "Mama, unipatie sindano. Kidogo tu."

"Hapana, baba. Kichwa yako iko safi sasa. Pa stesheni alikuwa analomba mayi ya kunywa. Alikuwa anakuita, Mukalay. Njo weye alikuwa anaita tonton, mjomba yake."

Alilia kwa sauti. Nikamsimulia yote tangu mwanzo, polepole, na kesho yake nikarudi na kiti changu.