Haijaguswa na Maji

"Simu yangu haijaguswa na maji."

Nilimwambia hivyo binti wa kaunta kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nimewasikia walionitangulia kwenye foleni wakiambiwa mmoja mmoja kwamba simu zao zimeingia maji na waranti hailipi maji, na nimewaona wakiondoka vichwa chini. Mimi siondoki kichwa chini kirahisi hivyo.

"Karibu, mama," alisema yule binti. Alikuwa na kucha ndefu za rangi ya zambarau, na nikashangaa anavyoandika nazo kwenye kompyuta. "Shida ni nini?"

"Imezimika Jumapili, haijawaka tena. Waranti hii hapa. Risiti hii hapa. Na boksi lake hili, hata nailoni ya juu sijaitupa."

Alitabasamu. Nikadhani ananicheka, nikamkata jicho.

Simu ile alinitumia mwanangu. Watu wa mdomo watasema si mwanangu, ni mtoto wa marehemu dada yangu, lakini chupa ya maziwa nilimshikia mimi, na ada ya shule nilihangaika nayo mimi. Sasa anafanya kazi mbali, nchi za watu. Ilipofika alinipigia siku hiyo hiyo. "Mama mdogo, umeipata? Basi sasa nitakuwa napiga." Alipiga tena wiki iliyofuata. Baada ya hapo, nikimpigia mimi, simu inaita mpaka inachoka, kisha unakuja ujumbe: "Niko kazini, nitakupigia." Subira huvuta heri. Yangu naona imevuta kutu, lakini nilisubiri.

Na kusubiri simu ni jambo ninalolijua. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa kwenye swichibodi ya ofisi kubwa. Nimewaunganisha wakurugenzi na wake zao, na wakati mwingine wakurugenzi na wasio wake zao, na mdomo wangu ulikuwa kaburi. Sheria yetu ilikuwa moja: swichibodi haiachwi peke yake. Ukibanwa na haja unamwita mwenzako akukalie, hata kama ni kwa dakika moja. "Asiyekuwapo na lake halipo," msimamizi wetu alikuwa akitukumbusha, na simu ikiita mara tatu haijapokelewa ilikuwa aibu ya idara nzima.

Kwa hiyo siku simu hii ilipozimika, sikulala. Sikuwaza gharama yake. Niliwaza kwamba kati ya siku zote, hii ndiyo siku atakayopiga. Anapiga, anaambiwa sipatikani, anasema basi, mama mdogo naye amenichoka. Kampuni ya simu ina utaratibu mzuri: ukiwasha simu iliyokuwa imezimwa, unaletewa ujumbe wa kila aliyekutafuta. Laini nayo haichomolewi kuwekwa kwenye simu nyingine, imejengwa humo humo ndani, mambo ya kisasa. Nilichotaka pale kaunta kilikuwa hicho tu. Iwashwe, nijue kama alipiga.

Fundi aliitwa kutoka nyuma. Kijana wa rika la mwanangu, miwani ya kukuzia ameipandisha kwenye paji la uso. Aliifungua simu mbele yangu, akanionyesha kipande kidogo cha karatasi kilichobandikwa ndani, pembeni.

"Hii stika, mama, ikitoka kiwandani ni nyeupe. Ikipata unyevu inakuwa nyekundu."

Ilikuwa nyekundu.

"Basi mmeipaka nyinyi," nikasema.

Watu kwenye benchi walicheka. Fundi hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliishusha miwani yake, akainamia simu.

"Tuiache stika," alisema. "Ingetumbukia kwenye ndoo ningeona maji yalipopita. Hapa hakuna njia. Ila kuna kutu ya kijani, kidogo kidogo, kila mahali. Huu ni mvuke. Unaiweka jikoni, karibu na sufuria?"

"Jikoni kwangu sufuria zimelala. Mtu mmoja anapika nini?"

"Na bafuni?"

Binti wa kaunta aliacha kuandika. Alinisogelea, akashusha sauti. "Mama, fikiri kwanza kabla hujajibu. Ukisema haijawahi kuingia bafuni, mimi naandika ni kasoro ya kiwanda. Utapewa mpya."

Alikuwa ananifungulia mlango. Nilikuwa nimemhukumu kwa kucha zake, na kumbe ana moyo kuliko wengi waliokata zao. Neno moja tu, "haijawahi", na ningetoka na simu mpya. Lakini swali lenyewe lilikuwa limenichoma. Liliulizwa kama vile kuingia na simu bafuni ni uzembe, kwangu mimi, ambaye sikuwahi kuiacha swichibodi hata siku moja.

"Sasa niiache wapi?" Sauti ilinitoka kubwa. "Niko ndani naoga, simu inalia chumbani, nani atapokea? Nina nani wa kunikalia?"

Benchi zima liligeuka kunitazama.

Nikawaeleza, maana maji yakishamwagika hayazoleki. Magoti yangu hayataki maji baridi, kwa hiyo naoga ya moto. Bafu langu ni dogo, na dirisha silifungui kwa sababu ya upepo. Simu naiweka kwenye kishubaka karibu na sabuni, nimeifunika kwa taulo kavu, mimi si mjinga. Tone la maji halijawahi kuigusa. Mvuke sikuuhesabu kuwa ni maji. Na kila siku nikimaliza kuoga, kabla sijajifuta, naifunua kwanza kuangalia kioo.

"Huwa inalia sana?" fundi aliuliza. Aliuliza kwa nia njema, nadhani kwa ajili ya kazi yake.

"Ikilia, itanikuta nipo," nikamjibu.

Binti alivuta pumzi, akaandika alichopaswa kuandika. Waranti ikakataliwa. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na sikuwa na wa kumlaumu, jambo ambalo silipendi. Nikanyoosha mkono nichukue simu yangu.

"Ngoja, mama," fundi alisema. "Mpya hupewi. Lakini acha niisafishe. Ikikubali, imekubali."

Nikakaa kwenye benchi. Mlango wa karakana yao ulikuwa wazi, nikamwona akiipiga mswaki kwa spiriti, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Pembeni yangu alikuwa ameketi mama mmoja mnene aliyekumbatia mkoba wake. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mwanangu. Nitakapompigia sitamfokea. Nitamwambia, mwanangu, nimeona ulinitafuta, simu ilikuwa kwa fundi. Basi. Nitaongea kama vile hakuna kilichopita. Niliyarudia maneno hayo mpaka nikayapenda.

Simu ikawaka. Fundi aliniita, nikainuka haraka kuliko magoti yanavyoruhusu. Nikaishika kwa mikono miwili, nikasubiri.

Ujumbe wa kwanza uliingia. Kampuni ya simu, wananiarifu kwamba naweza kushinda gari. Wa pili ukaingia. Kampuni ya simu tena, wanauliza kama nimelisahau gari.

Nikasubiri wa tatu.

"Mtandao uko vizuri hapa?" niliuliza.

Fundi alichungulia kioo. "Umejaa, mama."

Nikaendelea kusubiri. Hakuna mtu aliyekuwa amenitafuta. Tangu Jumapili nilikuwa nimekonda kwa hofu ya kukosekana, na hakuna aliyegundua kwamba nimekosekana. Ule ni upweke, na neno hilo silipendi, huwa nawaambia majirani kwamba napenda utulivu.

"Nirudishie kidogo," fundi alisema. "Nikaze skrubu, tujaribu na spika."

Nikampa, nikarudi kwenye benchi. Sikuwa na haraka tena.

Baada ya muda simu ya mtu ikaanza kulia. Wimbo wa kinanda, mwororo, unapanda na kushuka. Ikaita mara moja, mara mbili. Watu wanatazamana. Ikaita mara ya tatu, na damu ya swichibodi ikanichemka.

"Jamani, pokeeni simu!" nikasema. "Mtu anahangaika huko anapiga, na nyie mmekaa! Wenzenu tunatamani hata ya kukosea namba!"

Mama mnene alijipapasa mkoba wake. "Si yangu, dada. Yangu inawika kama jogoo."

Fundi alitokea mlangoni. Ameinyanyua juu, kioo kinawaka.

"Mama," alisema polepole, "ni yako."

Nilikuwa nimesahau inavyolia.

Lakini hilo nililifikiria baadaye. Wakati ule nilisema amepiga, mwanangu amepiga! Nikamnyang'anya fundi simu, na kwa mazoea ya miaka yote ile nikasema, "Halo, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?"

"Mama, ni mimi, niko hapa kaunta," ilisema sauti. "Tunajaribu tu."

Nikageuka. Yule binti alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, mkono wa simu ya mezani sikioni, ananipungia kucha zake za zambarau.

"Unanisikia vizuri?" aliuliza.

"Nakusikia vizuri."

"Basi iko sawa. Nakata, mama."

"Subiri, mwanangu," nikamwambia. "Usikate kwanza. Umekula?"