Baraka za Mzee Dalmas

Deepa, mwenye saiba ya intaneti pale Nakuru, alikuwa amemwonya Sitati asibadilishe chochote kwenye kompyuta mpaka harusi ya watu, iliyotegemea simu ya kompyuta hiyo, ipite. Sitati akasema sawa. Lakini asubuhi hiyo ya Mei 2008, alipobaki peke yake, mikono ilimwasha. Toleo jipya la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, lilikuwa limetoka, na yeye alitaka kuwa wa kwanza mjini kulijaribu.

Onyo lilikuja waziwazi kwenye skrini. Mfumo wa sauti umebadilika. Programu zilizo wazi kwa yeyote kuzirekebisha, waandaaji wa Linux walikuwa wamekwisha kuzirekebisha zipatane nao. Ile ya kupigia simu kwa intaneti ilikuwa mali ya kampuni, imefungwa, hakuna wa nje anayeweza kuigusa ndani, kwa hiyo huenda ikagoma. Sitati akabonyeza "Endelea". Kichwa ngumu kweli!

Baadaye Mzee Dalmas, mstaafu wa reli, akaingia na suti yake ya kanisani. Bintiye Trizah alikuwa anaolewa huko Ufini, na hakutaka kuingia kanisani kabla baba hajambariki. Simu ya mzee ilikuwa imepotea kwenye ghasia za Januari baada ya uchaguzi, macho nayo yalikuwa yamefifia. Mzee akavua kofia, Sitati akamvisha vipokea sauti na kupiga, na baraka zikaanza.

Sauti haikutoka wala kuingia. "Baba, hatukusikii," Trizah aliandika kwenye skrini. Jasho likamtoka Sitati. Akafungua hiki, akafunga kile, akapiga upya, huku mzee akisema na kusema, machozi yakimlengalenga.

"Kijana, mbona mimi siwasikii? Wao wananisikia?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Aibu ikamshinda. "Wanakusikia, mzee. Ni hii ya huku tu iko na shida."

"Wamesema amina?"

"Wamesema."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, boss. Sasa roho yangu imetulia." Akatoka akitabasamu, na Sitati akajichukia kwelikweli.

Trizah akaandika tena: "Tunaingia sasa. Ama baba amekataa?"

"Hajakataa! Amewabariki," Sitati akajibu mbiombio. "Sauti imeharibika, na makosa ni yangu."

"Asante Yesu! Basi niandikie maneno yake upesi, niyasome mbele ya watu."

Sitati akaweka vidole kwenye kibodi. Mzee alikuwa ameongea karibu kabisa na sikio lake, na yeye hakuwa amesikiliza hata neno moja.